Mkono wa Roboti Umempungia Mkuu wa Shule

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie, na kama ni lazima ucheke, basi cheka ukishamaliza kusoma. Klabu yetu ya sayansi imeunda roboti ya mkono mmoja ya kumimina maji kwenye kikombe, mimi nikafunga nyaya na dada yangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye nalala naye chumba kimoja, akaandika programu, na siku ya majaribio mkuu wa shule akakaa mbele kabisa na kikombe chake, kiwiko cha roboti kikainuka vizuri, lakini kiganja kilipoanza kuinama mkono wote ukatetemeka kama wenye homa, ukamwaga maji kwenye mapaja ya mkuu, kisha ukampungia. Mwalimu wa klabu akauliza kosa ni la nani, na kabla hajamaliza swali nikasema ni la programu. Dada akasema tuangalie nyaya kwanza, nikamjibu mbele ya watu kwamba yeye nyaya anazijulia wapi, na siku hiyohiyo akaondolewa kwenye timu. Tangu hapo programu imeandikwa upya na watu wawili, tumebadilisha zile mota ndogo za servo zinazozungusha kiwiko na kiganja, na bado: moja ikizunguka peke yake mambo shwari, zikizunguka pamoja taa ya ile bodi ya umeme inayoziongoza inafifia na mkono unarukaruka. Maonyesho ni wiki tatu zijazo. Nyumbani dada hanisemeshi, akitaka nisogee anamwambia mama yangu, "Mama mkubwa, mwambie huyo asogeze miguu yake," na mimi nipo hapohapo. Nifanyeje mkono utulie?

Fundi Nyaya

Fundi Nyaya, marahaba. Nimecheka nilipofika kwenye kupungia. Mkuu wako anisamehe.

Mimi umeme najua wa kuwasha na kuzima taa tu, kwa hiyo nilimsomea barua yako fundi redio wa ghorofa ya chini. Alipofika penye taa kufifia akasema, "Hizo mota zinanyonya umeme wa bodi. Azipe betri zake zenyewe, halafu hasi ya betri aiunganishe na hasi ya bodi. Akiisahau hiyo, zitaruka vilevile." Kisha akauliza, "Aliyefukuzwa ni yupi?" Nikamwambia ni wa programu. Akaguna, akaendelea na redio yake.

Sasa nisikilize, binti. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mmebadilisha programu, mmebadilisha mota, nyaya zako hakuna aliyezigusa. Taa inafifia unaiona, unaiandika, unapita. Na la dada yako hukuniuliza kabisa, umelisimulia kama habari za mvua. Naelewa uliogopa, kumlowesha mkuu wa shule si mchezo, lakini hofu yako ameibeba mwenzio.

Leo usiguse betri. Nenda kwanza kwa mwalimu, mwambie nyaya ulifunga wewe, dada yako alisema ziangaliwe ukamzima, na umwombe amrudishe. Ukianza na mkono ukatulia, utapigiwa makofi kwa kugundua kosa, na yeye atabaki nje. Ukitoka hapo rudi chumbani kwenu. Atamtuma mama yako akwambie usogeze miguu. Isogeze, kaa karibu naye, umwombe radhi bila kueleza habari za umeme. Halafu betri mpe yeye aifunge.