Imani ya Mtumba na Kikohozi cha Zipu

Mshauri mpendwa, naomba msaada, na shikamoo yako pokea mapema, kama nimekuzidi umri utanirudishia siku tukionana. Mimi nauza makoti na masweta ya mtumba, shule niliacha darasa la nne kwa hiyo mwandiko usikutishe, watu wananiita Mdomo kwa sababu ndiyo mtaji wangu, na miaka tisa nilikuwa na mwenzangu kibandani, fundi wa kubadilisha zipu na vifungo, tukamwita Zipu, kwanza kwa kazi yake, pili kwa kuwa hakuwa muongeaji, akishabana sindano kwenye midomo ndiyo basi mpaka jioni, watu wakatucheka kwamba Mungu kapanga vizuri, Mdomo na Zipu, ila hii zipu haifungi.

Sasa huyu Zipu alikuwa mtu wa Mungu kwelikweli. Kila asubuhi ya baridi, kabla hatujatundika koti hata moja, anasimama kwenye jiko la mkaa, anafumba macho, anaomba kwa sauti, na mimi nasimama kando yake, nisikudanganye, mimi nilikuwa nafuata jiko. Maombi yalikuwa yaleyale: "Mungu wetu, asante kwa kutuamsha, asante kwa pumzi, khoo! khoo! khoo! utupe riziki ya halali, uwakumbuke wasio na cha kujifunika, na umsamehe huyu mwongo aliyesimama kando yangu, ana maneno mengi ila roho yake nzuri, amina." Huyo mwongo ndiyo mimi. Nilishawahi kumuuzia mtu koti la mkono mmoja nikamwambia mkono wa pili unakuja na mzigo wa wiki ijayo.

Baridi ya mwaka jana kifua kikamzidi Zipu, akatutoka. Asubuhi ya kwanza peke yangu nimewasha jiko, nimesimama, naona hata makoti yananitazama, basi nikafumba macho nikasema ya Zipu yote neno kwa neno, na kikohozi mahali pake, na mpaka leo sijaacha hata siku moja. Kuna kitu kimeniingia, sijui nini, siku hizi mteja akishika koti najisikia nasema mwenyewe, "Dada, hiyo zipu inagoma katikati," nikishamaliza nataka kujipiga kofi.

Shida imeanza juzi nilipokwenda kwa kina mchumba wangu kujitambulisha. Nilimwambia mchumba mimi ni mtu wa maombi, na kwa mara ya kwanza sikumdanganya. Mama yake ni mpishi wa shule, mjane, mkali kidogo, kaandaa meza, masufuria yanafuka moshi, akatangaza mbele ya wajomba, "Haya yote kapika binti yangu kwa mikono yake!" Halafu akaja kusimama kando yangu. "Haya baba, tuombee chakula."

Nikafumba macho. Nilipofika kwenye pumzi nikakohoa mara tatu, mjomba mmoja akanipiga mgongoni, mwingine akakimbilia maji, mimi sijali, nakaza tu, mpaka nikasikia mdomo wangu unasema, "Na umsamehe huyu mwongo aliyesimama kando yangu."

Mjomba mmoja akapasuka kicheko, "Dada! Si nimekuona jikoni tangu asubuhi? Mungu kafichua!"

Mama akanigeukia. "Mwongo nani?"

"Si wewe mama, mwongo ni mimi, haya maneno ni ya marehemu."

"Kwa hiyo marehemu ndiye kasema mimi mwongo?"

"Hapana mama, marehemu alikuwa msema kweli."

Mjomba ikabidi atoke nje.

Sasa mama kasema nirudi Jumamosi na maombi yangu mwenyewe, ya kutoka moyoni, siyo ya kuazima, la sivyo nimsahau binti yake. Nimejaribu, Mshauri. Kinachotoka ni "Mungu karibu, karibu, chagua mwenyewe, kushika bure!" Nikajaribu ya Zipu kwa kumtoa yule mwongo, ulimi ukagoma, maana dunia nzima ni Zipu peke yake aliyekuwa ananitaja kwa Mungu, nikilitoa hilo neno nani tena atanitaja? Naanza kuogopa kwamba imani yangu ni ya mtumba, mwenyewe kafa, mimi navaa tu. Jumamosi niombe nini?

Ni mimi Mdomo, muuza makoti.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, nimekuzidi. Pole sana kwa Zipu. Na huyo uliyemuuzia mkono mmoja mtafute, baridi ndiyo hii imerudi.

Miaka tisa unauza mtumba na bado unauliza nguo ni ya nani! Mteja akivaa koti mwaka mzima, kila asubuhi, likamkaa mabegani, utamfuata umwambie si lako? Wewe uliyekuwa unafuata jiko, mwenye jiko kaondoka, umebaki umesimama palepale na jiko unaliwasha mwenyewe. Halafu unawafukuza wateja kwa kusema kweli. Unataka dalili gani nyingine, tarumbeta?

Ila umenikera kwa mama wa watu. Mtu hafumbi macho kuomba bila kuangalia nani kasimama kando! Tena elewa: hakukasirika kwa sababu ulikosea, kakasirika kwa sababu ulipatia.

Sasa sikiliza. Usingoje Jumamosi. Nenda Ijumaa, saa ambayo wajomba hawapo. Mweleze habari za Zipu kama ulivyonieleza mimi, jiko na sindano na yote. Ya nani kapika usiyaguse kabisa. Ukimaliza, msimamishe, wewe simama kando yake, mwombe akuombee kwa maneno yaleyale ya Zipu. Mwongo atakuwa amerudi mahali pake. Na kwa hasira alizonazo, ataomba mpaka vifuniko vya sufuria vicheze. Hapo umeshapata wa kukutaja.

Jumamosi omba hayohayo mbele ya watu, ila ukifika kwa mwongo sema, "Umbariki huyu mama aliyesimama kando yangu." Sema mama, umesikia? Ukiteleza ukasema mpishi, usiniandikie tena.

Kikohozi kiache kilipo. Waambie wajomba mapema wasikupige mgongoni wala wasilete maji, wangoje tu kidogo, hapo ni Zipu anapita.