Kona ya Kinu

Njoro, Moshi
2 Juni 2025

Baba mpendwa, shikamoo. Masikio yanaendeleaje? Simu huisikii tena, ndiyo maana naandika. Sisi huku wazima.

Baba, mbio za magari zinarudi mitaani baada ya miaka hamsini na mbili! Nitaendesha Jumapili ya tarehe 22. Njia ni ileile ya zamani, inapita Kona ya Kinu. Nasikia ulikuwa mshika bendera. Mbona hujawahi kunisimulia? Na kwa nini zilisimamishwa?

Mwanao,
Kindness


Uru, 7 Juni

Mwanangu, marahaba. Mwili mzima, ila barua yako imenilazimu kusema nililolificha.

Mwaka 1973 nilisimama Kona ya Kinu na bendera ya njano ya tahadhari. Barabara pale inainamia nje, upande wa mtaro. Mzunguko wa tatu gari la dereva mmoja, Basili, liliteleza, likaingia kwenye watu. Walikufa wanne. Mmoja ni shangazi yako Violet, ambaye uliambiwa alikufa kwa homa. Mimi ndiye niliyemwambia, "Simama hapa, utaona vizuri."

Usiende, mama. Nakuomba.

Baba yako,
Melkior


Njoro, 14 Juni

Baba, shikamoo. Pole sana. Sikujua.

Nimekwenda kuiangalia kona. Watazamaji wamepangiwa palepale mtaroni! Niliwasomea waandaaji barua yako, mmoja akasema, "Dada, mzee wako anazeeka." Jana kwenye mazoezi gari langu liliteleza nyuma palepale. Lakini nikijitoa, wenzangu wataendesha na watu watasimama vilevile. Njoo uwaambie mwenyewe.

Mwanao,
Kindness


Hospitalini, 25 Juni

Baba, shikamoo. Nesi ndiye ananiandikia, mkono wangu wa kulia umevunjika, una plasta. Daktari anasema mkono utapona.

Jumapili nilipoteleza pale konani nilijua naua watu. Kumbe mtaro mtupu, na wewe peke yako, umenyoosha mikono, watu wote wako mbali nyuma yako. Gari liligonga ukingo wa mtaro, likasimama hatua mbili kutoka miguuni pako. Nesi alikuwepo, anasema tangu asubuhi ulikuwa ukiwafukuza kwa fimbo na matusi.

Baba, kwa nini hukukimbia?

Mwanao,
Kindness


Uru, 29 Juni

Mwanangu, marahaba. Namshukuru Mungu kuwa ni mkono tu.

Nilitaka kukimbia. Miguu ilikataa. Hata leo nikiona pikipiki inapita naingia ndani na kufunga mlango.

Kaburi la Violet halina jina mpaka leo; sikuthubutu. Nimenunua rangi, lakini kila nikishika brashi naiweka chini. Ukiruhusiwa, njoo uliandike wewe, hata kwa mkono wa kushoto.

Baba yako