Chungu Nilichokisugua

Ifakara, Jumamosi, Agosti 1956.

Kumekucha na ukungu juu ya mto, kisha jua likatoka taratibu. Nimetulia kuliko nilivyotarajia, ingawa mwandiko wangu leo si mzuri.

Niandike kosa langu kwanza. Kwa ajili ya maonyesho ya juzi nilipewa kazi ya kupokea vitu vya watu na kuviandika kwenye fomu: upande mmoja Sanaa, upande wa pili Vyombo. Shuleni tulifundishwa kwamba sanaa ni kitu kilichotengenezwa ili kitazamwe. Basi chungu cha pombe cha Mama Agata wa Idete, chenye mistari mizuri shingoni, nikakiandika Sanaa. Ndani kilikuwa na utando mzito unaonuka uchachu. Nikaona aibu kwa niaba yake. Nikakisugua kwa mchanga na maji ya moto hadi kikang'aa.

Bwana Shauri, mkuu wa ofisi yetu ya serikali, alikisifu mbele ya watu wote, nami nikavimba kichwa.

Jana Mzee Pius, tarishi wetu, alichungulia ndani ya chungu akacheka mpaka akashika ukuta. "Karani, kwenu hawanywi pombe? Utando ule ndio unaoiumua. Aliurithi kwa mama yake. Sasa nyamaza tu. Pombe ikigoma atadhani mkono wake umeharibika."

Hilo ndilo lililonichoma. Mama Agata huitwa kupika pombe kwenye arusi za bonde zima. Angejilaumu mwenyewe, na mimi ningekuwa hapa nimekaa na tai yangu shingoni.

Leo asubuhi alikuja kukichukua. Nilimwamkia, kisha nikamwambia yote kabla hajakitwika. Alinusa ndani. Alinusa tena.

"Umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La kumi, mama."

"Na madarasa yote hayo hawakukufundisha kumuuliza mwenye chungu?"

Akasema ataomba machicha ya pombe kwa dada yake aliyeko Kisawasawa aanze upya, na kwamba utando kurudi utachukua miaka. Akiwa mlangoni akageuka: "Jumatatu nakuja kumwambia Bwana Shauri kwamba alichokisifu ni kigae."

Sikumwomba asije.

Tangu hapo nawaza. Mistari ile niliiona kwa sababu nilifundishwa kuitazama. Lakini kazi iliyofanywa na mikono miwili, ya mama na ya binti, mavuno baada ya mavuno, ilikuwa ndani, gizani, na haikutengenezwa ili mtu aitazame. Ningeiandika upande gani wa fomu? Mimi niliiita uchafu.

Sijui sanaa ni nini. Juzi nilidhani najua.

Kazini bado niko kwenye majaribio, na Bwana Shauri hapendi kuaibishwa. Hata hivyo Jumatatu nitafika ofisini kabla ya Mama Agata, nimweleze Bwana Shauri mimi mwenyewe.

Naogopa. Lakini nitafika.