Mtupo wa Pili wa Tobias

Swaumu, uko wapi?

Nimempeleka Baba uwanja wa Kitete kutazama mpira wa kikapu. Namweleza sheria kama mtoto: timu ikishacheza faulo nne kwenye robo, kuanzia ya tano aliyechezewa anapewa mitupo huru miwili. Anaitikia tu, "Haya, mama."

Basi ya tano ikapigwa filimbi. Wachezaji wakajipanga chini ya goli, mtupo wa kwanza ukaingia. Wallahi sijui alinyanyukaje! Nashtuka Baba yuko katikati ya uwanja, kaukumbatia mpira.

Refa akamwambia, "Shikamoo mzee, tupishe tumalize."

Unajua alijibu nini? "Mngojeni Tobias. Bado ana mmoja."

Tobias! Yule rafiki yake wa kwenye picha pale sebuleni. Sisi tuliambiwa alihamia kijijini mwaka sabini na nne, basi. Kumbe, Baba anamsimulia refa, lori la kuhamishia watu vijiji vya ujamaa lilimkuta mchezoni. Ametupa mmoja, akaitwa apande na mama yake. Baba ndiye aliyekuwa nahodha. Akamwambia nenda, tutakungoja, utakuja umalizie.

Hakuonekana tena, shoga. Hata barua.

Refa akasema kwa upole, "Si atupe mchezaji mwingine, mzee?"

Baba akamkazia macho. "Anatupa aliyechezewa faulo. Hiyo sheria sijaisahau."

Refa filimbi mdomoni, hapulizi. Halafu wale vijana, mmoja mmoja, wakageuka kutazama getini.

Na mimi nikageuka, Swaumu.