Miiko Iliyosuguliwa kwa Majivu

Navakholo, Kakamega

Mjukuu wangu Nekesa,

Nakusalimu. Nyanya yako sasa anatembea kwa fimbo, na mahindi ya msimu huu ni hafifu.

Unauliza kama uache kibarua chako cha Nakuru uje ujifunze ushonaji katika karakana mpya ya hazina ya maendeleo. Nilipokuwa kijana, hazina kama hiyo ilitufundisha uashi hapa. Tulipofuzu, fedha hizo hizo zikaanza kujenga soko. Asubuhi ya kwanza tulijipanga kiwanjani, miiko yetu ya uashi tumeisugua kwa majivu kama sufuria za harusi, ili tuonekane nadhifu.

Mkandarasi alishuka kwenye lori pamoja na mafundi wake kutoka mbali. Akauchukua mwiko wangu, akautazama.

"Kijana, huu haujaonja saruji."

"Tuonjeshe basi, mzee," mwenzangu Wafula akamjibu.

Watu walicheka. Sisi tukapewa ndoo, tukawachotea mafundi wale maji hadi soko likakamilika. Wafula hakuwahi kujenga hata ukuta mmoja maishani mwake.

Juzi nilimuuliza msimamizi wa karakana hii mpya ni nani atakayenunua nguo mtakazoshona. Akanijibu kwamba hilo halimo katika mpango wao.

Nyumba hii ni tupu, na nyanya yako anakutaja kila siku. Hata hivyo, usiache kazi yako.

Ni mimi,
Babu yako