Dakika Ishirini za Mama

Kaka,

Hatujambo, ukiacha mapafu ya mama. Bomba la jikoni limetengenezwa, sasa linavuja upande wa pili.

Mashine uliyotuma inafanya kazi. Asubuhi na jioni namimina antibayotiki kwenye kikombe chake, inanguruma, na mama anavuta mvuke wake kwa kibomba cha mdomoni dakika ishirini. Kisha naosha kila kipande, nachemsha, naanika. Nimechoka, lakini tabu si hiyo. Tabu ni mdomo wa mama, unaujua. Kila mara anakitoa kile kibomba ili anigombeze, na dawa inaishia kwenye pazia. Daktari anasema pazia letu litapona kabla yake.

Kinachomnyamazisha ni barua zako tu. Nikimsomea, anauma kibomba na kutulia tuli. Lakini kaka, unaandika mistari sita! Dakika zinazobaki nazitunga mwenyewe, macho yangu yakiwa kwenye karatasi. Umepandishwa cheo. Umeacha sigara. Juzi nilikuwa hoi, maneno yakaniishia, nikasoma kwamba unakuja mwezi ujao.

Alivuta dawa mpaka tone la mwisho. Tangu siku hiyo hakitoi kibomba hata kidogo. Jana nimemkuta anatandika kitanda chako, anapumzika kila kona ya shuka.

Basi, njoo. Kama huji, andika, ila tafuta mtu mwingine wa kumsomea.

Mdogo wako, mwongo wa nyumba hii.