Kle Iliyotibiwa kwa Mafuta ya Ngombe

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kle yangu imekufa. Imeuawa na baba mukwe wangu, tena kwa mapendo!

Niandike polepole, nisije nikacheka nikashindwa. Kle yenyewe ni ile spana ya kupima nguvu — unaipanga kwa namba, unakaza bulo, zile bolti, nguvu ikifika inalia ta! mukononi, unaacha. Bila hiyo huwezi kurudisha kichwa cha moteri fasi yake. Ukikaza sana, bulo inakatika. Ukikaza kidogo, maji inaingia ndani, gari inatoa moshi mweupe kama jiko la kuni mbichi.

Muzee Karekezi aliiazima wiki iliyopita, akaze mashini yake ya kusaga mahindi. Leo ameirudisha mwenyewe, imefungwa ndani ya kitambaa safi. Akasema, mukwe, kle yako ilikuwa mugonjwa. Kila nikikaza inalia, ta, ta, kama ngombe mwenye goti bovu. Nimeitibu.

Ameitibu! Amefungua mukia wake, akatoa resori, ile springi inayofanya ilie, akajaza ndani mafuta ya ngombe. Tena ile nzuri, anayoweka kwa bageni ba heshima. Na resori? Ameitia chini ya fimbo yake. Sasa akikanyaga, fimbo inamurusha kidogo — nyi, nyi, nyi — na anasema bega lake haliumi tena.

Mimi nilisema nini? Nilisema, asante Baba. Ningesema nini lingine? Mutu alikupa binti yake, akakupa na ngombe mwenye mimba juu yake, halafu umuambie ameharibu chuma yako? Kwetu haisemwi. Unashukuru kwa mikono miwili.

Mukamazimpaka, muke wangu, alikuwa pale anapepeta maharagi. Aliinamisha kichwa karibu kuingia ndani ya lungo. Mabega ndiyo yalikuwa yanacheka.

Jumanne, 5 Agosti

Nimejaribu mugonjwa aliyepona. Amenyamaza kweli. Anateleza, ananuka maziwa, na mbwa wa jirani anamufuata kila fasi ninapomuweka.

Sasa shida ni hii. Jumamosi ya tarehe kumi na sita tunaenda Kakiika kwa Ngoga, kuomba binti yake awe muke wa Ishema, mudogo wa Mukamazimpaka. Na muzee ametangaza mpaka kanisani kwamba hapandi gari ya kukodi. "Nitashuka ndani ya gari ya mukwe wangu, Ngoga aone!" Gari hiyo, Carina yangu, kichwa chake kiko nyumbani juu ya meza, kimefunikwa na kitenge cha Mukamazimpaka. Tunakula tumekaa chini.

Zamani, huko milima ya kwetu, muzee angefika na ngombe zake mbele, batu banazitazama tangu kilima cha mbali. Hapa kambini Nakivale amebaki na nne, na fimbo yenye resori, na mukwe mwenye Carina. Nikimuangusha njiani, gari ikitoa moshi mbele ya bakwe bapya, nitakuwa nimemuvua nguo. Hilo silitaki. Muzee huyu nampenda, hata kama ananiulia vyombo.

Rénovat, jirani yetu Murundi, amechungulia akatoa shauri: kaza na mukono tu, mukono unajua. Rénovat huyo ambaye pikipiki yake inaangusha bulo njia yote mpaka Kabingo!

Jumatano, 6 Agosti

Muzee amepita. Kle inaendelea namna gani? — kama vile anauliza habari ya mutoto aliyetoka hospitali. Nikasema inapata nafuu, Baba. Haijalia tena? Hata mara moja!

Kweli tupu. Sijadanganya mutu.

Ijumaa, 8 Agosti

Mbarara. Nimemuambia muzee naenda kutafuta buji, zile plagi za moteri. Na buji nimenunua, kwa hiyo Mungu hana neno.

Duka la vyuma liko nyuma ya soko. Muuzaji ni Munyankore, tumbo mbele, kofia nyuma. "Karibu ssebo! Wewe nataka gani? Hapa kila kitu iko." Nikamueleza. Akanitolea tatu. Moja mupya, ndani ya sanduku jekundu, inang'aa unaweza kuchokonoa meno mbele yake. Moja ya mushale. Na moja mutumba wa Japani, imekwaruzika, mupini umechakaa.

Ya mushale moyo wangu ulienda moja kwa moja. Haina resori, hailii. Unakaza, mushale unatembea juu ya namba, basi. Hakuna mutu chini ya jua anayeweza kuitibu! Lakini shingo yake ndefu, nyembamba kama ya korongo. Muzee angeiona mara moja. Angeuliza, ile niliyoiponya iko wapi? Ningemuonyesha nini?

Nikairudisha. Iliniuma, nasema kweli.

"Chukua hii ya box," muuzaji akasema. "Hii original, ssebo. Hata mimi nyumbani natumia hii." Nikasema, niletee jerikeni ya maji. Akanitazama: "Wewe nataka kuoga?"

Nikamuonyesha namna tunavyofanya. Kichwa cha kle unakibana mezani, mupini umelala nje. Jerikeni unaitundika kwenye mupini, nusu mita kutoka pale ulipobana. Unapanga kle kwa mia moja, unamimina maji pole pole. Ikiwa kle ni ya kweli, inalia jerikeni ya lita ishirini ikijaa. Nyumbani natumia bidoni ya maziwa, na muzee anaamini nafundisha kle kubeba mizigo.

Ya sanduku ililia jerikeni haijafika hata nusu. Ta! Muuzaji akasema, banange, imeshtuka tu, iko mpya. Tukarudia. Safari hii robo. Ta! Bado kidogo ingelia kwa kutazamwa. Mutu akakaze kichwa cha moteri na hiyo, bulo zote zitabaki zinacheza kama meno ya mama ya baba yangu, Mungu amurehemu.

Ya Japani nikamimina. Kimya. Nikamimina. Kimya. Muuzaji naye ameshika pumzi. Maji shingoni kabisa — ta! Niliruka kwa furaha, kiwiko kikagonga jerikeni, maji yote ndani ya viatu vya muuzaji. Alisema neno la Runyankore. Sikuuliza maana yake.

Nimechukua ya Japani. Na si kwa sababu inasema kweli tu, shajara, wewe siwezi kukuficha. Inafanana na marehemu kama mapacha. Hata kovu kwenye mupini iko karibu fasi ile ile. Nimerudi nayo imelala chini ya makabichi.

Jumapili, 10 Agosti

Pasta amehubiri juu ya ulimi. Mukamazimpaka amenigusa na kiwiko mara mingi mpaka ubavu unauma.

Jumanne, 12 Agosti

Leo nimerudisha kichwa cha moteri. Jamani!

Nilichagua saa muzee anapopeleka ngombe maji. Nikafungua kapo, kifuniko cha mbele cha gari, nikapanga bulo zangu, nikaanza na za katikati kama inavyotakiwa. Ta! Sauti tamu. Ta! Halafu nikasikia nyuma ya nyumba: nyi, nyi, nyi. Muzee! Amerudi mapema, amekaa kwenye jiwe lake kutazama ndama.

Kazi ukiianza huwezi kuiacha katikati, bulo lazima zikazwe kwa zamu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikafanya nini? Nikakohoa. Kila kle ikitaka kulia, mimi nakohoa juu yake. Ta-kho! Ta-kho! Kifua kikaanza kuuma kweli. Mukamazimpaka akaja kushika taulo, akaona, akaanza naye kukohoa ili nipumzike. Halafu Anne, binti yetu, akatoka ndani anauliza kama kuna ugonjwa umeingia Nakivale.

Bulo ya mwisho. Kho! Nikainua kichwa, muzee amesimama mbele yangu na kibuyu kidogo. Mafuta ya ngombe, kijiko kizima. Akasimama mpaka nikameza. "Hii," akasema, "inanyamazisha kila kitu."

Imenikaa tumboni mpaka sasa naandika.

Jumatano, 13 Agosti

Imewaka!! Hakuna moshi. Hakuna maji kwenye mafuta. Nimezunguka mpaka Juru na kurudi, moteri inaimba. Muzee alikaa mbele, akawapungia mukono batu ambao hata hawamujui.

"Unaona," akasema. "Kle ikiwa na afya, kazi inaenda."

Ndiyo, Baba.

Jumamosi, 16 Agosti. Kakiika, nyuma ya gari

Naandika juu ya goti. Kofre, kifuniko cha nyuma, iko wazi, imenificha. Nina muda kidogo, nitasema kwa nini.

Tulifika vizuri. Muzee alishuka kama alivyotaka, polepole, kofia, koti, fimbo nyi-nyi, Ngoga na ndugu zake bamesimama kwenye mulango bote. Nilikuwa na furaha, karibu nilie. Tukakaa. Maziwa ikatembea. Natanaeli, musemaji wetu, akasimama. Na musemaji ni mutu wa kusifu, ni kazi yake, lakini Natanaeli akianza kusifu hana breki. Amesifu Ishema, amesifu ngombe, amesifu njia tuliyopita. Halafu: "Na muzee wetu Karekezi, mukono wake una baraka! Anatibu ngombe, anatibu batu, hata kle ya gari iliyokuwa inalia, ameitibu ikanyamaza!"

Batu bakapiga makofi. Mimi nikatazama miguu yangu.

Ngoga akaruka kwenye kiti. "Inalia ta, ta? Ya kwangu iko na ugonjwa huo huo! Mupwa wangu alinipa zawadi kwa ajili ya pickup ya maziwa. Ikigusa bulo tu, inalia. Muzee, leo leo uitibu, iwe alama ya ukwe wetu!" Akaingia ndani kuifuata. Shangazi wa bibi arusi akaitwa alete mafuta.

Muzee akabaki amekaa, mikono juu ya fimbo. Halafu akasema, mukwe, twende kwanza tulete ile yako, bakwe baone iliyopona. Nikamufuata mpaka hapa kwenye gari.

Akasimama karibu yangu. Hakunitazama.

"Yonatani." Jina langu! Miaka yote hii ni mukwe, mukwe. "Kikohozi chako kimepona?"

"Kimepona, Baba."

"Mimi nimezeeka. Nimesikia vikohozi mingi. Kinacholia ta, sijawahi."

Nikatafuta shimo niingie, hakuna, ni nyasi za Kakiika tu. Akageuza fimbo, akagusa resori na kidole. Akauliza, hii ndiyo ilikuwa sauti yake? Nikasema ndiyo. Akasema, na wewe ukanishukuru. Nikasema ndiyo, Baba.

Akacheka kidogo, bila sauti. Mabega tu — sasa najua Mukamazimpaka aliyatoa wapi. Kisha akaacha. "Ulininyamazia, nami nikakunyamazia. Ni vizuri. Lakini huyu Ngoga! Nikikataa, nimekuwa mwongo mbele ya bakwe, na Ishema anaomba muke kwa mwongo. Nikikubali, nitaua zawadi ya mutu. Nitafutie njia, mwanangu. Mimi nitabazuia."

Akarudi. Nyi, nyi, nyi.

Na anabazuia kweli! Amesimama katikati ya kiwanja, ameanza kusifu ngombe zake. Kwetu muzee akisifu ngombe hakuna wa kumukata maneno, hata Ngoga mwenyewe. Ameshamaliza yule wa pembe nyeupe, sasa anasifu mama ya ngombe huyo. Nne tu ziko Nakivale, lakini nasikia ameanza na zile za zamani, zilizobaki huko milimani. Sauti yake imekuwa ya kijana. Bazee bamefumba macho.

Mimi nimefanya nini? Nimezungusha mupini wa kle yangu mpaka namba ya mwisho kabisa. Hapo hailii kwa mukono wa mutu yeyote. Ikiwa ni kuionyesha tu, tumepona.

Lakini ya Ngoga! Amesimama nayo pale, ameikumbatia. Nimenyoosha shingo nione.

Sanduku jekundu.

Ee Mungu. Ni ndugu wa ile ya Mbarara, kama siyo yenyewe, ile inayolia kwa kutazamwa! Kwa mara ya kwanza muzee amepata mugonjwa wa kweli — na ndiyo leo anaogopa kutibu. Nikimuambia Ngoga kwamba zawadi yake ni mbovu, nimemutukana mupwa wake. Nikinyamaza, atakaza gurudumu za pickup nayo, na maziwa ya Kakiika yote itamwagika barabarani. Au nimuache muzee aifungue tu? Afe aliyekwisha kufa?

Kibuyu cha mafuta kimefika, kiko juu ya meza. Muzee ameona. Ameongeza ngombe mwingine.

Mukamazimpaka amekuja. Baba Anne, unatafuta nini hapa muda wote huu, baba anaishiwa na ngombe!

Nikasema, natafuta kle.

"Iko mukononi mwako."

Nikaitazama, kisha nikatazama sanduku jekundu: Ngoga si anataka alama ya ukwe, na iliyopona si hii, tukibadilishana?